Mistari Usoni mwa Mama



Juma lililopita nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikiwa na picha ndogo ya marehemu mama yangu. Ni picha ya kitambulisho, imefifia, nayo ndiyo pekee tuliyobaki nayo. Nilimpa kijana mmoja anayechora kwa kalamu ya wino kando ya barabara, nikamwomba aiondoe mikunjo usoni, ili mama aonekane kijana kidogo.

Alitii. Alichora paji, pua, midomo na kidevu kwa mstari mwembamba usiobadilika. Vipimo vyote vilikuwa sahihi, lakini nilipoitazama karatasi ile nilimwona mwanamke nisiyemfahamu.

“Baba,” akasema kwa upole, “wino hauna rangi ya kijivu. Kuna weusi wake na weupe wa karatasi, basi. Ukininyima mistari, umeninyima uso.” Kisha akaniuliza mama alikuwa akifanya kazi gani. Nikamweleza kwamba alipika vitumbua kwa kuni, na kwa vitumbua hivyo alinilipia karo ya seminari.

Akachukua karatasi nyingine. Safari hii alipanga vistari sambamba, vikifuata mviringo wa shavu. Chini ya nyusi, alipotaka kivuli kizidi, alivikatiza kwa vistari vingine, na jicho likaingia ndani. Alipotaka nuru, aliiacha karatasi tupu. Kwenye pembe za macho alivuta mistari mitatu mifupi, akiikandamiza kalamu mwanzoni na kuilegeza mwishoni. Hapo mama akaanza kutabasamu, ingawa midomo ilikuwa bado haijachorwa. Niligeuka pembeni, nikajifanya natafuta leso.

Wazee wetu watamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Katika michoro ya namna hiyo, mwinamo mdogo tu wa nyusi waweza kutenganisha hasira na aibu.

Mbali na kwetu, mwaka 1649, Mfaransa Claude Mellan alichonga katika bamba la shaba Uso wa Kristo kwenye kitambaa cha Veronika. Alitumia mstari mmoja tu, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kama gamba la konokono hadi pembezoni. Palipohitaji kivuli aliunenepesha. Palipohitaji nuru aliukondesha. Taji la miiba na matone ya damu vimetokana na unene wa mstari huohuo.

Niliporudi nyumbani nilielewa nilichokuwa nimemwomba yule kijana. Mikunjo ile mama aliipata kwa kufinya macho mbele ya moshi, alfajiri baada ya alfajiri, ili mimi nisome. Nilitaka ifutwe kwa sababu nilidhani inamzeesha, kumbe ndimo ulimokuwa upendo wake kwangu.

Mchoro wa pili sasa uko juu ya meza yangu. Ule wa kwanza nimeuweka ndani ya kitabu, unikumbushe kosa langu.

Mwenye mzazi aliye hai amtazame usoni leo, taratibu, kabla hajabakiwa na picha ya kitambulisho.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu