Birika Lisilo la Chai

Neno birika hubeba maana mbili zilizotoka katika maneno mawili tofauti ya Kiarabu, ibriq la kumiminia na birka la kuhifadhia maji, na kwa vijana wengi wa leo, hata waliozaliwa katika mitaa ya Lamu, maana ya pili imekwisha kufutika, hivi kwamba birika kwao ni la chai tu. Waliowatangulia walijua birika lililojengwa kwa matumbawe na chokaa katika pembe ya choo, yaani chumba cha kuogea, likajazwa maji ya kisima, na maji yakatekwa kwa kata ya kifuu cha nazi. Nyumba nyingi za mawe zilizosalia mjini humo huhesabiwa kuwa za karne ya 18; birika lenyewe halikuandikwa mwaka, wala wenye nyumba hawakuona haja.

Cha kutazamwa kilikuwa sakafuni mwake. Fundi alizamisha ndani ya chokaa bakuli au sahani ya kaure ya Kichina, mdomo juu, kwa sababu humo waliishi samaki wadogo wa maji baridi, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu, na siku birika lilipokaushwa lisuguliwe, bakuli lilibaki na vikombe vichache vya maji, wakajibanza humo hadi ndoo zilipomiminwa tena. Mtoto aliyechungulia kabla macho yake hayajazoea giza aliona kwanza duara la buluu na nyeupe, kisha mkia ukipita juu ya maua yaliyochorwa. Harufu ilikuwa ya chokaa iliyolowa, na ubaridi ulimpata usoni kabla ya mkono kuyafikia maji.

Baadaye yakaja mabomba, kisha matangi ya plastiki, na mabirika mengi yakageuzwa stoo ya ndoo. Kinachoudhi ni pipa la maji lisilo na samaki, lililoachwa wazi uani, ambamo yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, na mwenye pipa huyohuyo hununua dawa ya kupuliza.

Anayetaka bwawa dogo la samaki uani, kwa mfano wa birika hilo, hahitaji gharama kubwa: shimo la kina cha goti, magunia makuukuu chini ili mawe yasitoboe, turubai kuukuu juu yake, na vipande vya matumbawe vya ukuta ulioanguka kuzunguka ukingo. Palipotiwa chokaa au saruji mpya, maji yajazwe na kumwagwa mara kadhaa, kwa kuwa ukali wake huua samaki. Nayo maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku mbili kwanza. Katikati pachimbwe kishimo cha kukalia bakuli, hata la plastiki lililopasuka ukingo, kwani bomba hukauka, na samaki hawana tangi la akiba.