Kupanda Lushoto na Gari Linalochemsha

Atokaye Tanga kwenda Lushoto husafiri katika nchi mbili kwa siku moja. Nchi ya kwanza ni tambarare ya Muheza, Segera na Korogwe. Humo mna joto, na mkonge umepangwa safu kwa safu kama waumini katika swala ya Idi. Mmea huo si wa asili yetu. Uliletwa Tanga mwaka 1893, na reli ya wakoloni ikafika Mombo mwaka 1905. Hapo Mombo tambarare hukoma. Barabara ya Lushoto huiacha njia kuu iendayo Arusha, ikaanza kuukwea mlima wa Usambara uliosimama kama ukuta. Kutoka hapo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 tu, lakini katika masafa hayo mafupi gari hupanda kiasi cha mita 1,000, kona baada ya kona, jabali upande mmoja na bonde refu upande wa pili.

Tuliishika njia hiyo kwa ajili ya msikiti mmoja mdogo ulio vilimani juu ya Soni, ambao waumini wake hawakuwa na mahali pazuri pa kutawadhia. Pikapu yetu ilibeba tangi la maji la lita 1,000, mabomba, na mifuko kumi ya saruji. Gari lenyewe ni wakfu. Ndilo linalobeba jeneza mtaani kwetu, ndilo linalopeleka wagonjwa hospitali usiku, na ndilo linalosambaza nyama siku za kuchinja. Karakana moja ya mjini ilikuwa imekwisha kutuambia kwamba gari hilo limeunguza gasketi ya silinda hedi, na kwamba injini lazima ifunguliwe. Gharama iliyotajwa ingemeza karibu fedha zote zilizochangwa kwa ajili ya paa la madrasa. Kamati ilikuwa haijatia saini.

Yaliyotokea njiani yana mafunzo kwa yeyote mwenye gari la mizigo. Kutoka Tanga hadi Mombo, pamoja na jua kali na mzigo wote ule, mshale wa geji ya joto haukuvuka katikati hata mara moja. Mwendo ulikuwa wa kilomita 80 kwa saa, na gari lilitulia. Tulipoanza kupanda, hazikupita kilomita tano mshale ukaanza kusogea. Dereva wetu, mzee aliyeendesha malori ya mkonge tangu ujana wake, alifungua hita ya ndani mpaka mwisho, nasi tukakaa katika joto hilo kwa subira, kwa kuwa hita hutoa sehemu ya moto wa injini na kuuleta kwa abiria. Mshale ulisita kidogo, kisha ukaendelea.

“Bwana katibu,” alisema, “gari linasema. Tulisikilize.”

Mmoja wetu alipendekeza tujikongoje hadi Soni. Mzee akakataa. Mali ya wakfu haisukumwi mpaka ife, alisema. Hedi ikipinda kwa joto, yale ya karakana yatakuwa kweli hata kama leo si kweli. Akaegesha mahali palipo wazi, akazima injini, akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Watoto wa jirani walikuja mbio na ndoo ya maji ya kijito. “Shikamoo babu, tumeleta maji ya gari.”

“Marahaba wanangu. Maji ni mazuri, ila gari halijawa tayari kunywa.”

Hapo ndipo wengi huumia. Mfuniko wa rejeta hauzuii maji tu. Huyafungia ndani kwa shinikizo, hata yakaweza kufikia kiasi cha nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukiufungua yakiwa na joto hilo, shinikizo huondoka mara moja na maji hulipuka kuwa mvuke usoni mwako. Na maji ya baridi ya mlimani yakimiminwa katika injini yenye moto, chuma huweza kupasuka. Kwa hiyo ndoo ile tuliitumia kutawadhia. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa, na muda wa kungoja injini ipoe haukupotea.

Kabla ya swala, injini ikiwa imezimwa lakini bado ina moto, mzee alikuwa amefanya jambo moja dogo. Aliyasukuma mapanga ya feni kwa kijiti, nayo yakazunguka mara kadhaa yenyewe. Hakusema neno. Baada ya swala alianza na yale yasiyo na gharama. Uso wa rejeta: hapakuwa na matope wala nyasi zilizoziba. Mkanda: umekaza, haujapasuka. Mipira ya rejeta: mizima, haivuji. Kijiti cha oili: oili nyeusi ya kawaida, haikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Rejeta ilipopoa kabisa aliufungua mfuniko kwa kitambaa, taratibu, akaongeza maji kidogo kutoka kwenye dumu letu, kisha akawasha injini mfuniko ukiwa wazi. Tulitazama pamoja. Gasketi ikiungua, moshi wa silinda huingia katika maji na mapovu hutoka bila kukoma. Hapakuwa na mapovu. Bomba la nyuma halikutoa moshi mweupe.

Kijana mmoja wa pikipiki alisimama akatushauri tuing’oe themostati na kuitupa. Ushauri huo ni maarufu nchini, na wengi wameufuata. Mzee alimwambia aguse mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini. Yote miwili ilikuwa imepata moto. “Basi maji yanapita, mwanangu. Mlango uko wazi, uung’oe wa nini?” Na kule juu kwenye baridi, injini isiyo na themostati hukawia kupata moto wake na hula mafuta zaidi.

Lilibaki feni. Katika magari ya aina hii feni huendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani yake. Injini ikipata moto, klachi hushika na feni huzunguka kwa nguvu. Ukiyasukuma mapanga kwa mkono, huona ukinzani. Klachi ikichoka, mapanga huzunguka ovyo, kama yale yalivyofanya kwa kijiti. Tambarare hakuna atakayejua, maana upepo wa mwendo hufanya kazi ya feni. Mlimani, mwendo ni wa gia ya kwanza, upepo hakuna, mzigo ni mzito, na aibu hufichuka.

Tuliacha mifuko ya saruji kwa wenyeji, tukapanda taratibu jioni jua likiwa limepoa, tukipumzisha gari mara mbili. Soni, pale njia ya Bumbuli inapochepuka na akina mama wanapouza peasi na pichesi kando ya barabara, fundi aliikaza klachi ile kwa bolti ili feni izunguke wakati wote. Ni dawa ya muda, ina kelele na hula mafuta, lakini ilitufikisha. Saruji ikafuatwa asubuhi. Klachi nyingine ilinunuliwa tuliporejea, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na kufungua hedi. Fedha za paa la madrasa hazikuguswa.

Kwa kamati zenye magari ya wakfu, kabla ya kuidhinisha matengenezo makubwa muulizeni dereva swali moja: linachemsha wapi? Likichemsha mlimani na foleni peke yake, anzeni na feni. Likichemsha tambarare kwa mwendo mkubwa, tazameni rejeta na maji. Maji yakipungua kila siku bila tone chini, hapo ndipo pa kuiogopa gasketi. Na wenye magari ya feni ya umeme wasitie mkono humo hata injini ikiwa imezimwa, maana feni hiyo huweza kuwaka yenyewe.

Tangi lilipandishwa mnarani siku ya pili. Alasiri ya siku hiyo watu wa kijiji kile walitawadha kwa maji ya bomba.