Uwemba haitaki mapozi, inataka gari linalovuta miguu yote minne

Msomaji wangu, siku hizi ukikaa meza moja na vijana wa Dar pale Sinza, chupa ya pili haijafunguliwa wameshafika Njombe. Huyu ana ekari tatu za parachichi, yule ana tano, mwingine kanunua juzi tu huko Uwemba na karatasi za serikali ya kijiji anatembea nazo kwenye begi. Mashamba wanayo, tena kwenye simu, picha za kumwaga! Ukiwauliza mara ya mwisho wameyakanyaga lini, jibu ni moja: "Tunasubiri mvua zikate."

Sasa piga hesabu. Nyanda za juu kusini mvua zinaanza mwezi wa 11 na kukata mwezi wa 4 au wa 5. Nusu mwaka mwenye shamba yuko Sinza na nyama choma yake, shamba liko mikononi mwa mlinzi ambaye anajua fika kwamba bosi hawezi kupandisha kile kilima na kale ka-IST kake. Mbolea imewekwa, haijawekwa, nani atajua? Miche imepaliliwa au imelala na magugu, bosi anatumiwa picha ya mwaka juzi anashukuru. Mshiko unaondoka hivi hivi. Kwa hiyo tukizungumzia gari la kwenda Uwemba hatuzungumzii kutanua, tunazungumzia shamba lenyewe.

Kwa asiyepajua, Uwemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe. Kutoka Dar unakula zaidi ya kilomita 600 mpaka Makambako, njia panda ambapo barabara ya kwenda Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Abiria wa Dar utawajua tu, wakishuka wanakimbilia makoti ya mtumba. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 za lami, barabara iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Waingereza ikaendelea hadi Songea. Njombe imekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usishangae kuona mtu na koti zito saa sita mchana. Uwemba kwenyewe kuna misheni ya Wabenediktini ya siku nyingi, kuna mianzi ya ulanzi, viazi, mahindi, na sasa hiyo parachichi inayowatoa watu udenda. Ukikutana na mzee njiani mwambie "Kamwene," atakuitikia kwa tabasamu na huenda akakuelekeza njia isiyo na shimo.

Kwenye barabara kubwa hakuna taabu, hata Vitz inateleza kama iko Barabara ya Bagamoyo. Kasheshe linaanza ukikata kona kuingia njia za mashambani. Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukilowa unakuwa kama sabuni. Gari linashuka bondeni lenyewe hata ukikanyaga breki, likifika kwenye kidaraja cha magogo linasimama upande, dereva kakumbatia usukani kama kakumbatia mama yake. Kupanda ndiyo usiseme. Matairi ya mbele yanazunguka, yanarusha tope mpaka juu ya kioo, gari liko pale pale. Vijana wa kijiji watakuja kusukuma, lakini bei mnapatana kabla, na wakishaona kiatu chako cheupe bei inapanda.

THELUJI INAINGIAJE HAPA?

Theluji Tanzania tunaiona kileleni Kilimanjaro na kwenye kalenda. Uwemba haianguki, ila mwezi wa 6 hadi wa 8 kuna sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani ya viazi. Asubuhi unakuta kioo cha gari kina utando mweupe. (Usimwage maji ya moto! Kioo kinaweza kupasuka. Weka maji ya baridi au washa injini usubiri.)

Lakini theluji inakuhusu kwa njia nyingine. Magari karibu yote tunayonunua yanatoka Japani, na sehemu kubwa ya Japani, hasa kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini kama Aomori, inafunikwa na theluji kila mwaka. Watu wa kule wananunua fowili kwa sababu ile ile ya mtu wa Uwemba: utelezi. Ndiyo maana hata Vitz, Probox na IST zipo za kuvuta miguu minne, ambazo wengi wetu hatujui kama zipo. Na magari ya mikoa ya baridi mara nyingi hutoka kiwandani na betri kubwa zaidi, hita inayofika hadi viti vya nyuma, wakati mwingine na vioo vya pembeni vinavyojipasha moto. Gari la namna hiyo Dar ni mapambo, Uwemba ni neema.

Ubaya wake ni chumvi. Wajapani wa kaskazini wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula bati la chini taratibu miaka na miaka. Juu gari linang'aa kama kioo cha saluni, chini chasisi inabanduka kama ganda la keki. Kama unaagiza kwa njia ya mnada, ile karatasi ya ukaguzi ina herufi: S maana yake kutu, C maana yake kutu iliyokwisha kula chuma. Ukiona C kwenye mchoro wa gari na dalali anakwambia "hiyo ni rangi tu," kunywa soda yako uondoke. Na usicheke Hokkaido peke yake, gari lililolala miaka 10 Kigamboni au Mbezi Beach linaliwa na chumvi ya bahari vile vile.

Kitu kingine kutoka kwenye theluji ni matairi. Magari mengi yanateremka bandarini na tairi za baridi za Kijapani, zenye mpira laini na vijimistari vingi vidogo. Mtu anaona kashata nzuri anafurahi. Tairi hizo zimetengenezwa kwa barabara ya barafu, ukikimbia nazo Chalinze saa saba mchana zinachemka na kuisha haraka, na tope la mfinyanzi linajaa kwenye vile vijimistari tairi inakuwa kama chupa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2317, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi zee ni zee hata kama haijatembea.

LIPI SASA?

Hapa ndipo ugomvi wa kijiweni unapoanza, na mimi sina aibu kuchagua upande.

Land Cruiser mkonga, hiyo ya injini ya dizeli ya 4.2, ndiyo bwana mkubwa wa njia hizi na kila hospitali na misheni inaijua. Lakini hata ikiwa imechoka bei yake ni ya nyumba. Hii waachie mashirika. Land Rover 109 na 110 zina heshima zake na fundi yeyote mzee anaifungua macho yamefumbwa, tatizo utakuwa unaonana naye kila wiki.

Kwa kijana mwenye mfuko wa kawaida, kura yangu naipa Suzuki Escudo, zile za kabla ya 2005, zenye chasisi ya ngazi kama lori na kirungu cha pili pembeni ya gia. Kirungu hicho ndicho siri yote. Kinakuwezesha kuvuta miguu minne, kisha kuna nafasi ya gia nzito kabisa, gari linapanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea bila injini kulia. Tafuta ya gia za mkono. Angalizo ni moja: kwenye lami kavu irudishe miguu miwili, la sivyo unavunja vitu huko chini. Mdogo wake, Jimny ya sisi 660, inapanda hata ukuta, ila ukipakia watu wanne na gunia la viazi mtabishana nani ashuke.

RAV4 nyingi za 1994 hadi 2000 zinavuta miguu yote minne muda wote, spea zake zimejaa kila kona na Dar utapeta nazo bila noma. Haina gia nzito, basi, kwa hiyo siku tope likifika magotini heshima inakwisha. Honda CR-V inasubiri miguu ya mbele iteleze ndipo ya nyuma iamke, na kwenye mfinyanzi kuchelewa nusu sekunde kunatosha kukuweka mtaroni. Subaru Forester? Vijana mnaipenda kwa mlio wake, na kweli kwenye utelezi ni shetani. Lakini inataka matairi yote manne yalingane. Tabia ya mjini ya kununua tairi mbili mbili inaua difu ya kati, halafu mnasema gari ni kimeo.

Kuna moja ambayo wajanja hawaitaji kwenye meza za baa: Noah ya zamani, SR50, hiyo ndiyo ya miguu minne (SR40 ni miwili, angalia kadi vizuri). Haina sura, lakini inabeba miche, vibarua, mbolea, na siku ya msiba inabeba ukoo.

KODI NA DALALI

Ukiagiza mwenyewe, jua kwamba TRA ina kikokotoo chake mtandaoni na haiangalii risiti yako ya kubembeleza. Kwa viwango tulivyovizoea, tuseme gari linathaminiwa shilingi milioni 8 hadi bandarini, injini kati ya sisi 1,000 na 2,000, umri zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo milioni 2. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 juu ya jumla, laki 5. Adhabu ya uzee asilimia 30, milioni 3 nzima! Kisha VAT asilimia 18 juu ya yote, milioni 2 na laki 4 na ushee. Umelipa karibu milioni 8 nyingine, na vijitozo vidogo sijavigusa. Gari la miaka 8 hadi 10 uzee wake unatozwa asilimia 15 tu, kwa hiyo wakati mwingine gari jipya kidogo linatoka kwa bei ile ile. Kokotoa kabla ya kutuma hela.

Ndiyo maana wengi wanaona heri namba C au namba D iliyokwisha lipiwa kila kitu. Sawa, ila usiinunue Dar. Inunue Makambako, Njombe au Mbeya, kwa mtu ambaye gari limekuwa likimpandisha milima hiyo hiyo. Na uinunue kifuku, mwezi wa 2 au wa 3, wakati tope lenyewe ni fundi wako. Fika alfajiri bila taarifa, uikute injini ya baridi. Kama ni dizeli na inahitaji kusukumwa saa kumi na mbili asubuhi, plagi za kupasha zimekufa au injini imechoka. Betri dhaifu nayo itajitaja yenyewe. Kisha mwambie muuzaji aendeshe yeye, apande kilima kibaya kuliko vyote anavyovijua, wewe shuka utazame kama miguu yote minne inazunguka. Lala chini uangalie difu kama zinavuja. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa, ukikuta maji matupu ya kutu badala ya kulanti, jua anayekuuzia alikuwa anabana matumizi na kwingineko.

Washa AC pia. Najua utacheka, AC ya nini kwenye baridi ile? AC ndiyo inayokausha hewa ndani ya gari. Siku ya mvua mkiwa watano na makoti yaliyolowa, vioo vinafunga ukungu mweupe, na bila AC dereva anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone kama lina madeni ya faini, kadi ihamishwe jina siku hiyo hiyo, na mafuta ya kurudi nyumbani uyadai kwenye bei. Halafu mpe mlinzi wako wa shamba habari kwamba umenunua gari, lakini usimwambie unapanda lini.

Jingine ujiandae nalo. Ukishaonekana kijijini na gari linalopanda kilima kwenye mvua, saa nane za usiku mlango utagongwa, kuna mama mjamzito bondeni na bodaboda imeshindwa. Kwa hiyo tangi lisilale tupu, na tochi ikae kwenye kisanduku cha mbele.