Dhahabu ndani ya kipimo cha malaria

Ukipita Gakoromone siku yoyote, hapa mjini Meru, macho yako yatavutwa kwanza na ndizi, viazi, kabichi na magunia ya maharagwe. Lakini ukiinua macho kidogo utaona pia maduka ya dawa, kila moja likiwa na rangi zake na msalaba wake mlangoni. Ingia katika mojawapo uulize kipimo cha mimba au cha malaria. Utapewa kijipakiti chepesi kama bahasha ya chumvi. Je, unajua kwamba ndani ya kijipakiti hicho, mara nyingi, mna dhahabu?

Naam, dhahabu. Sisemi kwa mafumbo. Ni dhahabu ile ile ya pete ya arusi, ile inayochimbwa na wenzetu wa Migori na Kakamega kwa jasho na hatari nyingi. Ila usikimbilie kwa sonara, kwani iliyomo ni kidogo mno, na tena si ya manjano. Ni nyekundu. Ule mstari unaojitokeza mgonjwa anapopimwa, ule unaofanya moyo wa mtu udunde, ndio dhahabu yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili, na nimezaliwa na kulelewa karibu na soko hili. Kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, haya mambo ya atomi yatanisaidia nini maishani?" Walimu walionifunza mimi walijibu kwa sabuni na mbolea. Mimi hutoa kipimo cha malaria mfukoni, ambacho hakijatumiwa, nikakiweka juu ya meza.

Tuanze na udogo, maana hapo ndipo siri ilipo. Chukua mita moja uigawe mara bilioni moja. Kipande kimoja kinaitwa nanomita. Unywele wa kichwa chako una upana wa nanomita kama 80,000 hivi. Chembe ya dhahabu inayotumiwa katika vipimo hivi huwa na upana wa nanomita 40 au karibu na hapo. Kwa hiyo ukizipanga chembe hizo bega kwa bega, zitahitajika kama 2,000 ili kuuvuka unywele mmoja tu.

Sasa, kitu kikiwa kidogo kiasi hicho hubadilika tabia. Ndani ya dhahabu kuna elektroni zinazotembea huru. Katika chembe ndogo namna hii, nuru inapoipiga, elektroni hizo huyumba zote pamoja, kama wachezaji wa ngoma wanaofuata mpigo mmoja, na katika kuyumba huko humeza sehemu ya nuru, hasa ile ya kijani. Inayobaki kulifikia jicho lako ni nyekundu. Chembe zikikaribiana na kushikana, mpigo hubadilika, na rangi nayo hugeuka kuwa zambarau au bluu.

Nilipokuwa chuoni tulitengeneza maji hayo kwa mikono yetu. Unachemsha maji yenye kloridi ya dhahabu kidogo, yenye rangi ya manjano hafifu, kisha unatia chumvi itokanayo na asidi ya limau. Mwanzoni manjano hutoweka, ukadhani umeharibu. Halafu huingia weusi kidogo, na mara, lo! chupa nzima inakuwa nyekundu kama mvinyo. Tukachota kidogo katika kikombe kingine tukatia chumvi ya kawaida, ile ya jikoni. Papo hapo ikawa bluu. Mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa amejiunga na somo hilo kwa kukosa nafasi katika udaktari, tangu siku hiyo hakuzungumzia udaktari tena.

Mtu wa kwanza kuuchunguza wekundu huu kisayansi alikuwa Mwingereza Michael Faraday, yule yule wa umeme mnaomsoma katika fizikia. Mwaka 1857 alieleza kwamba maji yale mekundu yalikuwa na vipande vya dhahabu vidogo kiasi cha kutoonekana. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London mpaka leo, na bado ni nyekundu. Yeye hakuwa akifikiria malaria hata kidogo. Alikuwa akitaka tu kujua habari za nuru.

Je, wekundu huo unaijuaje malaria? Hauijui. Unafundishwa. Kimelea cha malaria kali, kinachoitwa Plasmodium falciparum, humwaga ndani ya damu protini fulani ambayo wataalamu huiita HRP2. Watengenezaji wa kipimo huchukua kingamwili zinazoishika protini hiyo peke yake, kama ufunguo na kufuli, wakazibandika juu ya chembe za dhahabu. Kisha huzikausha kwenye utepe mwembamba ndani ya kile kibao cha plastiki. Mbele kidogo juu ya utepe huo wameweka mtego: mstari wa kingamwili nyingine za kuishika protini ile ile. Mstari huo hauonekani kwa macho.

Mhudumu anakuchoma kidole, anaweka tone la damu, kisha anatia matone ya maji ya dawa. Maji hayo huzipasua chembe nyekundu za damu na kutiririka juu ya utepe yakiibeba dhahabu. Kama protini ya malaria imo, dhahabu huishika, na zote mbili hunaswa pale kwenye mtego. Chembe zikirundikana kwa mamilioni, mstari unaonekana. Kama protini haimo, dhahabu hupita bila kunaswa. Mbele zaidi kuna mstari wa pili ambao lazima uonekane kwa vyovyote vile. Huo kazi yake ni kukuambia kwamba kipimo kilifanya kazi. Usipoonekana huo, tupa kipimo, chukua kingine, hata kama mstari wa kwanza umewaka kama moto.

Jirani yangu mmoja huuza ndizi sokoni. Mara kwa mara huteremka hadi Mitunguu na pande za Tharaka kununua mali, na huko chini joto lipo na mbu wapo, tofauti na huku kwetu kwenye baridi ya mlima. Siku moja baada ya safari alishikwa na homa, akaenda akapimwa. Jioni alinijia na kile kibao amekifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, hebu niangalizie," akaniambia. "Huu mstari umefifia. Si ni kusema malaria yenyewe ni kidogo, itaisha yenyewe?"

"La, mama," nikamjibu. "Mstari uliofifia ni mstari. Umesomwa kwa wakati wake?"

"Walingoja dakika zile walizoambiwa."

"Basi una malaria. Nenda umeze dawa yote, usiache hata kidonge kimoja."

Nimeyasikia mawazo kama yake mara nyingi, na yanaeleweka. Tumezoea kwamba kilichofifia ni dhaifu. Lakini dhahabu haijikusanyi mahali pale bila sababu, ilimradi kipimo kimesomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kibao kilichoachwa mezani mpaka kesho yake kinaweza kuonyesha mstari wa uongo, hivyo usikiokote asubuhi ukaanza kulia. Huyo jirani alipona, ila wiki mbili baadaye alitaka kurudi kupimwa "ahakikishe". Nikamzuia. Ile protini hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kama moshi unavyobaki jikoni moto ukishazimwa. Angepimwa angeonekana mgonjwa, akauziwa dawa za bure. Nilimwambia homa ikirudi asiende kupimwa kwa kibao hicho, bali aombe damu yake iangaliwe kwa hadubini.

Sasa nikupe upande wa pili, ambao kwangu ndio mzito. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipokuwa na miaka 3 alishikwa na homa kali. Walimpeleka katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Mhudumu alimgusa paji la uso, akasema malaria, akatoa dawa. Kipimo hakikutumika, ingawa kilikuwapo rafuni. Siku ya pili mtoto alikuwa akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Dada yangu alimkimbiza hospitalini. Alipimwa malaria, mstari haukutokea. Ilikuwa nimonia. Alipata viuavijasumu na oksijeni, akanusurika, na leo anacheza kandanda mpaka viatu vinatoboka. Lakini ile siku moja na nusu iliyopotea ingeweza kutunyang'anya mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na mwongozo wa Kenya wa mwaka huo huo ukasema vivyo hivyo kwa watu wa rika zote. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, unapoomba mtoto wako apimwe hujifanyi mjuaji. Tena mstari usipotokea usiondoke na dawa za malaria "kwa usalama". Uliza: basi homa hii ni ya nini?

Kipimo chenyewe nacho kina udhaifu wake, na si haki kukisifu tu. Mwaka 2016 huko Eritrea, katika hospitali za Ghindae na Massawa, iligunduliwa kwamba idadi kubwa ya wagonjwa walikuwa na vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Dhahabu ilipita mbele yao bila kuwaona. Ilibidi nchi hiyo ibadilishe aina ya kipimo. Vimelea vya namna hiyo vimepatikana pia Ethiopia na Djibouti, na nchi hizo haziko mbali nasi. Watafiti sasa wanatafuta vipimo vinavyoshika protini nyingine. Hiyo ni kazi ya wanakemia na wanabiolojia, na kwa vijana wanaosoma ukurasa huu niseme kwamba kemia haifundishwi Nairobi peke yake. Kuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, na kuna Chuo Kikuu cha Embu.

Utepe huu umeondoa mambo mengi ya ajabu. Katika miaka ya 1930 mama akitaka kujua kama ni mjamzito, huko Ulaya na Afrika Kusini mkojo wake ulidungwa ndani ya chura. Chura akitaga mayai ndani ya saa chache, hongera! Ninawaonea huruma vyura wale. Mwaka 1988 ndipo kipimo cha mimba cha utepe mmoja kilipoanza kuuzwa Uingereza, ingawa hicho kilitumia chembe za mpira za bluu badala ya dhahabu. Kipimo cha kujipima virusi vya Ukimwi kwa ute wa fizi, ambacho Kenya ilianza kukihimiza mwaka 2017, hutumia dhahabu. Hapo kumbuka mambo mawili: mstari wa pili ukitokea sharti uthibitishwe kituoni, na usipotokea, kama uliponea hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia baadaye.

Na si kupima tu. Kuna dawa zinazosafirishwa mwilini ndani ya vipovu vya mafuta vyenye upana wa chini ya nanomita 100. Mathalani ugonjwa wa kala-azar, unaowasumbua ndugu zetu wa Isiolo na Marsabit, una dawa inayoitwa amphotericin. Ikitolewa peke yake huumiza figo, lakini ikifungwa ndani ya vipovu hivyo madhara hupungua sana. Na wewe uliyedungwa chanjo ya Pfizer au Moderna ya Covid tangu mwaka 2021, uliingiziwa vipovu vya jamii hiyo hiyo begani. Maneno yaliyosemwa sokoni juu ya sindano zile sitayarudia hapa. Mengine yangewachekesha hata wenyewe waliokuwa wakiyasema.

Ukinunua kipimo chochote, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na tazama pia mahali kilipokaa. Joto na unyevu huziharibu zile kingamwili. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani si cha kutupwa kabla ya kutazamwa: aina nyingi hubadilika rangi kikilowa, na karatasi ya maelezo itakwambia rangi gani ni mbaya. Kikishatumiwa kina damu ya mtu, kwa hiyo kisiachwe mahali watoto wanapocheza.

Juzi msichana mmoja wa kidato cha nne, binti wa mfanyabiashara kamili, aliniuliza kama hatungeweza kukusanya vipimo vyote vinavyotupwa mjini Meru tukaitoa ile dhahabu na kuiuza. Nilimwambia apige hesabu mwenyewe: upana wa chembe, uzito wa dhahabu, idadi ya chembe katika mstari mmoja. Ameniletea karatasi mbili zilizojaa hesabu. Amesahau kugawa kipenyo kwa mbili, lakini njia yake ni sahihi, na nimemrudishia arekebishe.