Mgeni wa Kila Mwaka

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii niliwafundisha watoto wa watu tangu nilipotoka chuo cha ualimu Butimba hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Sikudhani kwamba uzeeni ingenirudia mwenyewe, tena huko Hamburg, Ujerumani, ghorofani, mahali pasipo na jembe la kunipa.

Binti yangu ni muuguzi huko. Mama yake alipofariki mwaka 2021, aliniomba niwe nakwenda kila mwaka kukaa na wajukuu. Safari ya kwanza nililala sebuleni, kwani nyumba yao ina vyumba viwili tu. Binti akitoka zamu ya usiku hakuwa na pa kupumzika, nami nikiamka saa kumi alfajiri nilikaa gizani nisije nikawaamsha. Hakuna aliyelalamika. Lakini mtu mzima hangoji kulalamikiwa. Mwaka uliofuata nilimwambia anitafutie chumba cha kupanga mtaa huo huo. Tulikipata kwa mama mmoja mjane, kwa mkataba wa maandishi. Mchana nashinda na wajukuu, jioni naaga. Tangu hapo hamu ya kuonana haijapungua.

Viza nayo ina taratibu zake. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungukiwe siku 15. Lazima uwe na bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Ukaaji wenyewe ni siku 90 katika kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote niliona siku 90 nikaelewa miezi mitatu, nikakata tiketi ya kufika tarehe 1 Juni na kuondoka tarehe 31 Agosti. Mjukuu wangu wa miaka 9 ndiye aliyekaa na kalenda, akaniambia, "Babu, hizi ni siku 92." Tulilipa faini ya kubadili tiketi, nikaondoka tarehe 29. Siku mbili tu zingeweza kunifungia mlango wa mwaka uliofuata.

Ndugu msomaji, ukijaliwa mwaliko wa namna hii, hesabu siku zako kwa kidole, na uwe na pako pa kulala. Anayetaka kukaribishwa tena hujua wakati wa kuondoka.

Nilipoomba viza mara ya kwanza, afisa aliniuliza dirishani ni kitu gani kitakachonirudisha nyumbani. Nilimpa hati ya shamba na karatasi za pensheni, zikamtosha. Sikumweleza kwamba kando ya shamba hilo ndipo alipolala mke wangu, na kwamba kila Septemba, kabla ya mvua, hulipalilia kaburi lake mwenyewe. Jembe langu liko huko.