Asubuhi Katika Mafunjo ya Dunga

Wasomaji wengi waliofika Kisumu wameyaona mafunjo yaliyoota kando ya Ziwa la Victoria, nao wakapita. Mimi pia nalipita mara nyingi, nikidhani kuwa ni majani tu yasiyo na faida ila kwa wasukaji wa mikeka. Basi mwezi wa Novemba nalikwenda Dunga, kilomita chache kusini ya mji, ili nitazame ndege.

Mwezi huo naliuchagua kwa sababu. Baridi inapoanza kukaza huko Ulaya na wadudu kuadimika, ndege wengi huhama kuja kwetu. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni kiasi cha gramu 20 tu, huvuka bahari ya Mediteranea na jangwa la Sahara mpaka kufika huku. Asubuhi ile naliwakuta wengi mno wakiwadaka wale wadudu wa ziwani ambao huinuka juu ya maji kama moshi wa jiko.

Mzee mmoja mvuvi alinichukua katika mtumbwi wake, na mbele yetu aliketi kijana wa miaka kumi hivi, ameshika kafi. Tuliwapita furukombe, minandi na yangeyange, wala hatukusimama kwa ajili yao, kwa maana nalitaka kumwona ndege mmoja tu. Mara nikaona kifua chekundu kichakani, nikapiga kelele, “Mzee, yule pale!”

Mzee akacheka. “Huyo kichwa chake ni cheusi chote. Hata mjini katika bustani za watu utamwona. Umtafutaye ana kofia ya dhahabu, naye hatoki katika mafunjo.”

Tukaingia katika njia nyembamba ya maji, mafunjo yakatuziba huku na huku kama ukuta. Tulikaa kimya karibu saa nzima, na mbu walifanya kazi yao. Kisha sauti ikalia, na nyingine ikaipokea upesi hata ningalidhani kwamba ni ndege mmoja. Kumbe ni mume na mke. Yule kijana ndiye aliyemwona kwanza, akanionyesha kwa kidevu: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, alama nyeupe bawani, na utosi wa manjano. Alipanda juu ya bua moja, akatutazama kidogo, akazama tena ndani.

Mwaka 1911 wataalamu walimpa ndege huyu jina la mufumbiri, kwa ajili ya milima ya Mufumbiro iliyo katika mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo. Makao yake ni mafunjo, na mafunjo yakitoweka hana mahali pengine pa kuhamia. Mbayuwayu huweza kuvuka jangwa, lakini huyu havuki hata shamba la nduma.

Na mashamba yapo. Tulipotoka tulipita mahali palipochomwa moto, majivu yangali yakielea majini, na ng’ambo yake matuta mapya. Mzee alinieleza kwamba mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, hayadhuriki kwa kukatwa kwa kadiri. Mashina yakiachwa huchipuka tena, na msusi hupata riziki yake. Linaloyamaliza ni moto na jembe. Tena ndimo wanamojificha samaki wachanga, na humo kamongo na mumi huvuliwa.

Nikamwuliza, “Kwa nini huwakatazi, Mzee?”

Akajibu, “Nimkataze nani, mwanangu? Mwenye matuta yale ni mtoto wa ndugu yangu, naye ana nyumba ya kulisha.” Akanyamaza kidogo, kisha akamwelekea yule kijana wa kafi. “Huyu ni mwanawe. Kila mgeni ajapo kutazama ndege namchukua, na fedha yake humpelekea baba yake mwenyewe. Msimu huu baba yake hajaongeza tuta.”

Sikuwa na neno la kusema. Tulipofika pwani nalimlipa kijana mkononi, naye akanihesabia kwa vidole ndege tuliowaona, wakawa kumi na tisa; mimi nalikuwa nimeandika kumi na wanne.

Atakaye kwenda na awe mtumbwini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana jua likipanda upepo wa ziwani huyatikisa mafunjo, na ndege hawaonekani. Asivae nguo nyeupe.