Kibarani: Maji Yamerudishiwa Njia

Msafiri atokaye bara kwa njia ya Changamwe, akiisha kuteremka kilima, huona bahari kushoto kwake na kuliani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo Kibarani, mlango wa kisiwa cha Mombasa. Wengi hawapaangalii, kwa kuwa macho yao yamekwisha kutangulia mjini. Na kwa miaka mingi walikuwa na sababu nyingine, nayo ni harufu. Gari lilipokaribia, abiria walifunga vioo hata katika joto la Februari, wakavifungua tena walipofika upande wa pili. Jaa kuu la takataka za mji lilikuwa pale pale kando ya barabara, likakua mwaka baada ya mwaka hata likaingia baharini, na palipokuwa maji pakawa nchi kavu.

Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018. Takataka zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Lundo likafunikwa udongo, zikapandwa nyasi na minazi. Miaka minne baadaye, mwezi wa Agosti 2022, likafunguliwa daraja jipya la Makupa mahali palipokuwa na tuta la barabara. Mtu aliyeondoka Mombasa kabla ya hayo, akirudi leo, huweza kudhani kwamba amepotea njia. Lakini akiwatafuta wenye elimu ya mambo haya, yaani fundi wa madaraja, mtaalamu wa bahari na mjuzi wa takataka, akamwuliza kila mmoja wao kama Kibarani pamepona, hatapata jibu moja. Tena hatapata jibu fupi.

Kwanza yafaa kuikumbuka sura ya nchi yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono mmoja huingia Kilindini, penye bandari ya meli kubwa, ukaenda hadi Port Reitz. Mkono wa pili hupita chini ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukaipita Bandari ya Kale na nyumba za Mji wa Kale, kisha ukapanuka kuwa hori la Tudor. Mikono hiyo hukutana nyuma ya kisiwa, na mahali pa kukutana ni Makupa. Maji yake ni haba. Zamani, bahari ilipokupwa, watu walivuka hapo kwa miguu, na kwa sababu hiyo Wareno waliweka vigome vya kukilinda kivuko. Mwaka 1589 Wazimba walikaa upande wa bara wakikitazama kisiwa, nao walipopata kuvuka wakaleta maangamizi yasiyosahaulika.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, Makupa ndipo palipokuwa kizuizi cha kwanza. Mafundi walijenga kwanza daraja la mbao la muda, kisha likamalizika daraja la chuma mwaka 1899, likaitwa Salisbury, kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku zile. Mafundi wale waliyapita maji kwa juu, wala hawakuyagusa. Baadaye, magari yalipozidi, palijengwa tuta la mawe na udongo kutoka bara hadi kisiwani. Mwenye gari alifurahi, na mwenye mzigo alifurahi. Maji hayakuulizwa.

Fundi wa madaraja akiulizwa kwa nini waliotangulia walichagua tuta, hatawalaumu sana. Tuta ni kazi ya mawe na nguvu za watu. Halitaki vyuma vingi kutoka ng'ambo, halina nguzo za kuoza chini ya maji ya chumvi, na gari zito zaidi likija mwakani, tuta halitikisiki. Hesabu yake ya fedha ilikuwa njema. Gharama yake nyingine haikuandikwa katika daftari yoyote kwa muda mrefu, maana haikulipwa kwa shilingi. Gharama hiyo ililipwa na hori.

Kabla ya tuta, maji ya Kilindini na maji ya Tudor yalikuwa yakichanganyika nyuma ya kisiwa. Baada ya tuta kila upande ulibaki peke yake, kama nyumba yenye mlango mmoja tu, ambamo upepo uingiao hauna dirisha la kutokea. Maji yakajaa hadi tutani, yakasimama, yakarudi kwa njia ile ile, na kila yalichokileta hayakukirudisha chote. Tena pembeni mwa maji hayo yaliyosimama ndipo watu walipochagua kumwaga takataka.

Mtaalamu wa bahari huanza maelezo yake kwa hewa. Samaki, kaa na hata wadudu wadogo wa matopeni huhitaji oksijeni iliyoyeyuka majini, kama vile sisi tunavyohitaji ile iliyo hewani. Takataka za jikoni, damu ya machinjioni na maji ya vyooni, vyote vikioza hutumia oksijeni hiyo. Maji yanayokwenda hupata nyingine kutoka bahari kuu, lakini yaliyosimama hufilisika. Oksijeni ikiisha, vijidudu vya aina nyingine hushika kazi ya kuozesha, nao hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, na matope huwa meusi kama masizi. Kwa hiyo si harufu yote ya Makupa iliyotoka katika lundo. Sehemu yake ilitoka chini ya maji.

Basi daraja la mwaka 2022 lilijengwa kwa ajili ya magari na kwa ajili ya maji pia. Lilianza mwaka 2021, likagharimu shilingi zipatazo bilioni 4.5, na tuta likachimbwa ili mikono miwili ya bahari ikutane tena. Ni jambo la nadra katika habari za barabara, kuona fedha nyingi kiasi hicho zikitumiwa kuyarudishia maji haki yao.

Hapo msomaji ataona kama kisa kimekwisha, na hapo ndipo mtaalamu wa bahari huinua kidole. Mkulima aliyepata kuchimba mfereji ajua kwamba maji hayaendi kwa sababu njia iko. Huenda kwa sababu upande mmoja uko juu kuliko wa pili. Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa huweza kukaribia mita 4. Hizo ni nguvu kubwa. Lakini maji hayo hayo huingia kwa Kilindini na kwa Tudor karibu wakati mmoja. Yakipanda sawasawa pande zote mbili, yatakutana chini ya daraja na kutazamana tu, kama watu wawili waliobishana hodi mlangoni. Mwendo hutokana na tofauti ndogo kati ya pande hizo, na tofauti hiyo haijulikani kwa kutazama. Hujulikana kwa vipimo, bamvua baada ya bamvua, masika na kaskazi.

Kisha kuna jambo la matope, nalo ni zito zaidi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake yako Mkomani mjini Mombasa na ambayo watu huiita kwa herufi KMFRI, imeyashughulikia maji ya Makupa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wake, pamoja na wenzao wa elimu ya mawe na udongo kutoka Uingereza, waliyapima matope ya bahari ya Mombasa, na Makupa karibu na Kibarani ikawa miongoni mwa mahali palipoonekana kuchafuka kwa madini mazito. Mambo haya hayakuja kwa miujiza. Betri za magari zina risasi, na betri nyingine zina kadimiamu. Rangi za zamani, mabati na nyaya za umeme nazo zina madini yake. Vyote vilitupwa jaani, vikaliwa na chumvi na mvua, maji yake yakachuruzika hata matopeni.

Karani wa mahesabu atalifahamu jambo hili mara moja, maana matope ni daftari. Kila mwaka tabaka jembamba hutua juu ya la mwaka uliotangulia, na kila tabaka huhifadhi yaliyomwagwa wakati wake. Yale matope meusi yasiyo na hewa yana tabia moja ambayo huwashangaza wageni wa elimu hii: huyashika madini mazito na kuyafunga, yasielee majini. Uchafu umekuwa kufuli ya uchafu. Maji mapya yenye oksijeni yakifika, au mkondo wenye nguvu ukiyafukua matope, kufuli hiyo huweza kulegea, na yaliyofungwa yakaanza safari. Kome na chaza, ambao huchuja maji ili wapate chakula chao, huyakusanya miilini mwao. Risasi hudhuru akili za watoto, na kadimiamu hudhuru figo. Mtu aokotaye kome kwa ajili ya kitoweo hawezi kuyaona haya kwa macho wala kuyaonja kwa ulimi.

Je, ingalikuwa heri tuta libaki? Hapana, hilo ni sawa na kumwacha mgonjwa na kidonda kilichofungwa kwa kuogopa kumfungua kitambaa. Lakini mtu akifungua kidonda hana ruhusa ya kwenda zake.

Mjuzi wa takataka naye hushughulika na yaliyo chini ya nyasi. Mkulima ajua kwamba samadi ikigeuzwa na kupata hewa huoza vizuri, ikawa chakula cha mimea. Takataka zilizoshindiliwa bila hewa huoza polepole sana, zikatoa gesi ya methani, ambayo huwaka. Katika jaa la kisasa chini hutandikwa udongo wa mfinyanzi na turubai nene la plastiki, na mabomba huwekwa ya kukusanya maji machafu na gesi. Kibarani hapakutandikwa kitu. Ni lundo lililokaa ukingoni mwa bahari, na kufunikwa kwake kwa juu hakukulifunika kwa chini wala kwa ubavuni, ambako maji ya bahari huweza kuingia na kutoka. Jaa la namna hii huendelea kuchuruzika kwa makumi ya miaka baada ya lori la mwisho kuondoka. Tena mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na jaa likafungwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo chini ya minazi ile imelala karibu enzi nzima ya mifuko hiyo.

Wale walioishi kwa kuchambua chuma, chupa na plastiki jaani walipoteza riziki yao lilipofungwa. Kazi yao ilikuwa chafu na ya hatari, na hakuna aliyewaita wataalamu. Hata hivyo Sheria ya Usimamizi wa Taka ya mwaka 2022 yataka takataka zitenganishwe tangu zinapotoka, na hiyo ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya kwa mikono mitupu.

Wa mwisho kuulizwa ni mtaalamu wa mikoko, naye huwa na habari za zamani kidogo. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka, na tani zipatazo 5,000 zikamwagika katika hori la Makupa. Hekta kama 10 za mikoko zikaharibika. Mti huu hukaa katika matope yasiyo na hewa kwa sababu mizizi yake huvuta pumzi juu ya matope: mkoko husimama juu ya mizizi kama mtu juu ya magongo, na mchu huchomoza vijiti kama penseli. Mafuta yakiipaka mizizi hiyo, mti hufa kwa kukosa hewa, si kwa sumu peke yake. Na mafuta yaliyozama matopeni hukaa, yakayasubiri machipukizi.

Kupanda tena si kazi ya siku moja ya sherehe. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele karibu na maji makuu, mkoko hufuata, na mchu huvumilia hata ukingo wa juu wenye chumvi kali. Mche uliopandwa pasipo pake huzama au hukauka. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wanavijiji walio katika mradi wa Mikoko Pamoja hulipwa tangu mwaka 2013 kwa kuhifadhi miti hii, kwa kuwa hufunga hewa ya kaboni, na sehemu kubwa yake haimo katika shina bali katika matope. Matope ya Gazi hulipiwa. Ya Makupa yangali yakipimwa madeni yake.

Kazi ya kuyapima ni rahisi kutazama. Maji yakipwa, mtu huingia hadi magotini, akasimamisha bomba, akalishindilia chini polepole, akalivuta, na matope yakasukumwa nje yakiwa mzima kama ndizi iliyomenywa. Juu kabisa, penye kuguswa na maji yenye hewa, rangi ni ya kahawia. Upana wake pengine haufiki hata nusu ya kidole. Chini yake weusi huanza, ukaenda hadi mwisho wa bomba. Ule ukanda wa kahawia hupimwa kwa rula, kipimo kikaandikwa pamoja na tarehe, na bomba likaoshwa na kushindiliwa tena hatua chache mbele, kabla maji hayajarudi.